Ufunguo wa Kipanga

Sogeeni karibu, wakubwa kwa watoto. Anayetafuta hadithi ya kumlaza mtoto, hii siyo. Hii ni ya watu waliokasirika, na hasira yao inaambukiza. Mimi mwenyewe kila nikiisimulia naanza kwa sauti ndogo, namaliza nimekunja ngumi. Ninawaomba jambo moja tu: msichague upande kabla sijafika mwisho, maana mwishoni nitawauliza.

Huko Machame, sehemu za juu, ambako barabara ya udongo inateremka katikati ya migomba na kahawa bila kupumzika mpaka inapokutana na lami, aliishi mjane mmoja aliyeitwa Mama Aikaeli. Watoto wake walikuwa watatu, wote watu wazima, na kila mmoja alizaliwa na kipawa chake.

Aikaeli, wa kwanza, alikuwa na kipawa cha nyaya. Gari likifa taa, honi na starta kwa pamoja, yeye alikaa chini akaufuata waya mmoja baada ya mwingine, taratibu, kama mwanamke anayefumua nywele za mtoto, mpaka akaupata ule uliokatika. Lakini alikuwa msiri. Jambo alilolijua halikumtoka hata ungembana kwenye kona ya mlango.

Nsia, wa pili, binti pekee, alikuwa na kipawa cha moto. Alichomelea mageti, vitanda na madirisha, na chuma kilichowakatalia mafundi wengine kwake kilikubali. Lakini alikuwa na kiburi cha kazi. Alitaka kila alichokitengeneza kionekane, na kama kinaweza kusikika, kisikike.

Ndekirwa, kitinda mimba, alikuwa na kipawa cha mguu. Alikuwa dereva. Akikanyaga pedali mara moja tu anajua gari linaumwa wapi na kona ile litaikubali au litaikataa. Lakini hakuwa na subira hata kidogo. Ukimwambia "usiguse" yeye husikia "karibu".

Baba yao alipokufa aliacha nyumba, migomba, ng'ombe wa maziwa na gari. Gari lenyewe lilikuwa saluni ya Kijapani ya milango minne, ya rangi ya fedha, ya zamani, ya wale watu wenye haraka: gia za mkono, viti vinavyokukumbatia mbavu, na mshale wa mwendo ulioandikiwa namba ambazo barabara ya Machame haijawahi kuziona. Mzee alilipenda kuliko alivyostahili kulipenda. Alilipa jina, Kipanga, na Jumapili alilifuta vumbi kwa fulana yake mwenyewe.

Alipokuwa anaumwa aliwaita wote watatu pamoja na mama yao. Akawaambia kwamba ng'ombe akichinjwa kila mtu wa ukoo anaijua nyama yake, kidari kina mwenyewe na ubavu una mwenyewe, lakini gari halina kidari. Mali hiyo ni ya mtu mmoja. Mama ashike ufunguo mpaka amwone mwenye haki.

"Asipewe mkubwa kwa ukubwa wake," alisema, "wala mdogo kwa udogo wake, wala binti kwa kuonewa huruma. Apewe yule ambaye bila yeye Kipanga hatembei."

Basi mzee akaenda zake, akawaachia fumbo hilo kama mtu anayetupa mfupa mmoja katikati ya mbwa watatu. Mnisamehe kwa kusema hivyo juu ya marehemu, lakini subirini myaone yaliyofuata.

Kipanga alikaa chini ya turubai nyuma ya nyumba. Kuku wakataga kwenye kiti cha nyuma. Panya wakala nyaya, kutu ikala bomba la moshi, shokomzoba zikakauka. Gari halikutembea, na kama wale watatu wangekaa siku moja kwenye benchi moja wangelifufua kwa pamoja na kumaliza ugomvi kabla haujazaliwa. Hawakukaa. Kila mmoja alisikia maneno ya baba yake akaamini kwamba "yule" ni yeye. Kwa hiyo kila mmoja alilitengeneza gari wakati wenzake hawapo, palepale uani, juu ya matofali na mawe, kwa jeki ya kuazima, na bolti zikianikwa juu ya chekecheke la kahawa la mama. Oili chafu waliimwagia ndani ya beseni lake la kuoshea vyombo. Alipowauliza ni nani, kila mmoja alimtaja mwenzake.

Aikaeli alianza. Aling'oa nyaya zote zilizoliwa na panya akaweka mpya, akasafisha plagi kwa mswaki na mafuta ya taa, akabadilisha pampu ya mafuta. Kipanga akawaka. Lakini Aikaeli hakuishia hapo. Chini ya usukani, mahali ambapo mkono haufiki bila kupapasa, alificha kiswichi kidogo. Usipokibonyeza, pampu haisukumi. Injini inawaka kwa mafuta yaliyobaki kwenye bomba, gari linasogea, kisha linazima kama mtu aliyezibwa pua. Hakumwambia mtu. Na Nsia, asiyejua lolote, akaomba ufunguo kwa mama ampeleke mwanawe kliniki, mtoto akiwa na homa. Gari lilimzimikia kabla hajafika hata kanisani, mvua ikinyesha. Alimbeba mtoto mgongoni, akatembea kwenye tope mpaka kwenye zahanati. Jioni alimfuata kaka yake akamwambia mbele ya mkewe kwamba ana roho ya nyoka wa chini ya jiwe. Aikaeli alilazimika kuwaonyesha mama na ndugu zake kiswichi kilipo. Kukitoa, alikataa.

Nsia akafuata. Bomba la moshi lilikuwa limetoboka kama chujio, na injini, alisema, ilikuwa inapumua kwa pua yenye mafua. Alilala chini ya gari juu ya gunia, akakata bomba la zamani lote, akachomelea jipya, pana, lililonyooka, na mwisho wake akaweka mdomo unaong'aa ambao mtoto angeweza kuingiza mkono mpaka kwenye kiwiko. Kipanga akapata pumzi, na kelele. Sauti yake ilikuwa nzito ya kukwaruza, si kama ya gari lingine lolote pale mlimani. Ng'ombe alishtuka akapiga teke ndoo ya maziwa. Mchungaji alisimamisha mahubiri akasubiri lipite. Aikaeli alimwambia dada yake kwamba amegeuza gari la baba kuwa mashine ya kusaga, na kwamba watu wanamcheka marehemu kaburini. Aliagiza bomba lile litolewe. Nsia alikataa.

Kisha Ndekirwa. Yeye alisema gari la mbio likikaa juu kama mbuzi aliyeona nyoka, kona inalitupa. Siku dada na kaka walipokwenda msibani alifungua magurudumu, akatoa springi, akazikata kwa msumeno wa chuma, akazirudisha fupi. Kipanga akalala chini, tumbo likitazamana na udongo. Kwenye kona kweli lilishika barabara kama kupe. Lakini chini kidogo ya kanisa wanakijiji walikuwa wamejenga tuta kubwa la udongo na mawe ili kuwapunguza mwendo vijana wa bodaboda, na tuta hilo Kipanga hakuliweza tena. Kila likifika pale ilibidi mtu ashuke, atoe mbao mbili ndani ya buti, azipange mbele ya magurudumu, gari lipande polepole kwa nguvu ya injini, kisha azikusanye tena. Jumapili moja mama mwenyewe, na goti lake bovu, na kitenge chake cha kwenda kanisani, alishika ubao upande huu na binti yake upande ule, waumini wakitazama. Nsia alimwambia mdogo wake kwamba amemkata baba miguu. Aikaeli alimnyooshea spana. Wote wawili walimtaka arudishe springi. Ndekirwa alikataa, akacheka.

Mmewaona. Toa swichi, hatoi. Toa bomba, hatoi. Rudisha springi, harudishi. Wakaacha kusemezana. Watoto wa baba mmoja na mama mmoja, wakikutana njiani, mmoja anajifanya anaangalia ndizi. Wake na waume zao wakaacha kuazimana chumvi. Mama yao aliniumiza moyo kuliko wote, maana alikuwa anapika chungu kimoja na kugawa mara tatu, kila mtu na saa yake, ili wasikutane mezani. Alisema Krismasi, ukoo ukipanda mlimani wote, atautoa ufunguo na atamtaja mtu, iwe isiwe.

Lakini alikuwepo mtu wa nne aliyeutazama ufunguo ule, naye ni Baba mdogo Ndesario, mdogo wake marehemu. Wakati wa kugawa vitu vya marehemu alipewa koti na fimbo ya kaka yake. Alilivaa koti, lakini halikumpa joto. Alikuwa akisema kwenye kilabu cha mbege, pombe yetu ya ndizi, kwamba mali ya kaka inalala uani inachezewa na watoto wasioelewana, na kwamba yeye ndiye aliyelisukuma Kipanga kwa mikono yake siku lilipoletwa mara ya kwanza likakwama kwenye tope. Hilo lilikuwa kweli. Kwamba tayari alikuwa amepata mnunuzi, na kwamba mnunuzi angemsubiri kwenye lami, hilo hakulisema.

Alichagua Jumapili ya mavuno. Wanaojua makanisa yetu wanajua kwamba siku hiyo ibada ikiisha watu hawaondoki. Kunakuwa na mnada nje: mikungu ya ndizi, mayai, miwa, kuku, vyote vilivyotolewa sadaka vinanadiwa, na watu wanacheka na kushindana mpaka jua linapinda. Baba mdogo alijua watoto wote watatu wako kule. Walikuwepo kweli, kila mmoja kwenye kona yake ya uwanja, wamegeuziana migongo. Mama yao alibaki nyumbani kwa sababu ya goti. Alikuwa uani anachambua maharage.

Ndesario aliingia bila hodi, akapita moja kwa moja ndani, akatoka na ufunguo uliokuwa umetundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango. Mama Aikaeli alisimama mbele yake, akamwambia kwamba anachokishika si chake.

"Shemeji, nipishe," alisema. "Kaka yangu hakuoa gari, alikuoa wewe; gari ni la ukoo."

Hakupisha. Akamsukuma. Sikilizeni vizuri hapa, kwa sababu baadaye watu walijifanya wamesahau: alimsukuma mjane wa kaka yake, mwenye goti bovu, akaangukia ungo, maharage yakatawanyika uani. Halafu akavuta turubai, akaingia ndani ya gari. Mama, pale chini alipokaa, aliijua siri ya kiswichi. Alifunga mdomo wake. Alimwacha awashe.

Kipanga akawaka. Ndesario, kwa kuogopa lisizime, alikanyaga mafuta mpaka mwisho, na lile bomba la Nsia likanguruma kwa sauti ile nzito ya kukwaruza, ikavuka migomba, ikavuka korongo, ikafika uwanjani mnada ukiwa umepamba moto. Mnadishaji alinyamaza mkungu ukiwa mkononi. Hakuna aliyehitaji kuuliza ni gari gani. Aikaeli alimtafuta Nsia kwa macho, Nsia akamtafuta Ndekirwa, Ndekirwa akamtafuta Aikaeli. Tangu springi zikatwe hawakuwa wametazamana usoni. Watatu wako hapa, mama haendeshi, basi nani? Wakakimbia kuelekea nyumbani, kila mmoja kwa njia yake, kupitia mashamba ya watu.

Ndesario alitoka getini, akaingia barabarani, akaanza kuteremka. Mbele kidogo mafuta yaliyokuwa ndani ya bomba yakaisha, na kiswichi cha Aikaeli kikafanya kazi yake. Injini ikakata. Alizungusha ufunguo, starta ikalia, injini ikagoma. Akazungusha tena, ikagoma. Lakini mlima ni mlima. Akatia gia huru, akaachilia breki, Kipanga akaanza kuserereka mwenyewe. Usukani ukawa mzito kama wa trekta na breki ngumu kama jiwe, lakini gari lilikwenda, na njia yote mpaka kwenye lami ni mteremko. Alipita mbele ya kanisa kimya kimya huku watu wakitazama, koti la marehemu likiwa mwilini mwake.

Akafika kwenye tuta. Hakujua habari za mbao. Magurudumu ya mbele yalipanda, na tumbo lililoshushwa na Ndekirwa likakaa juu ya mawe kwa kishindo, likalala hapo. Injini ya kulivuta mbele haikuwepo, wala ya kulirudisha nyuma. Ndesario alishuka, akatazama, akawapigia yowe vijana waliokuwa wamekaa kwenye ukuta wa daraja la pale karibu, akawaahidi mbege, waje wamnyanyulie. Vijana walikuja. Wanne walitosha, na tayari walikuwa wameinama wameshika chini ya milango pale Nsia, aliyeliona gari likiteremka akageuza njia, alipotokea kwenye migomba, viatu mkononi, akapanda juu ya boneti na kukaa.

"Nyanyueni," aliwaambia. "Nyanyueni na mimi."

Vijana wakaachia. Akatokea Aikaeli, akatokea Ndekirwa, ukatokea mnada mzima na kuku wake. Mwisho kabisa, akichechemea na fimbo ya kupigia ng'ombe, akiwa na vumbi la uani mgongoni, akatokea Mama Aikaeli. Watu walimpisha. Ndekirwa alipoliona lile vumbi aliuliza limetoka wapi, mama akamtazama Ndesario, na Ndekirwa akamrukia baba yake mdogo shingoni. Ilibidi Aikaeli amshike, ingawa naye alitaka kupiga.

Ndesario alitazama nyuso zote, hakuona hata moja ya kumtetea. Pembeni mwa barabara kulikuwa na ua wa masale. Akatembea mpaka pale, akachuma jani moja, akalishika kwa mikono miwili, akampelekea shemeji yake, ameinamisha kichwa. Kwa wasiotoka kwetu nitasema hili mara moja tu: jani la sale likiletwa mbele yako, ugomvi umeisha. Hulikatai. Aliyekukosea hata kama ameua, ukikataa sale wewe ndiye unakuwa mkosaji, na ukoo mzima utakugeukia.

Mama Aikaeli akanyoosha mkono.

"Ninalipokea kwa sababu ni sale," alisema. "Si kwa sababu ni wewe."

Akalichukua, akamnyang'anya ufunguo kwa mkono uleule. Ndesario mwenyewe akavua koti la kaka yake, akaliweka juu ya gari, akateremka barabarani na shati tu. Hakuna aliyemwita.

Mngefikiri hapo hadithi imekwisha, ndugu watatu wanakumbatiana na mnada unarudi kwenye ndizi zake. Mimi nami nilitamani hivyo. Lakini kabla Ndesario hajapotea kwenye kona, Aikaeli alikuwa ameshanyoosha mkono kwa mama.

Alisema ufunguo ni wake. Kama si kiswichi chake, injini ingekuwa hai, na gari lenye injini hai lingelikwangua tuta lile na kupita, likiacha rangi na bampa tu. Sasa hivi Kipanga angekuwa kwenye lami, mikononi mwa mnunuzi. Kelele na tumbo visingemzuia mtu mwenye mafuta.

Nsia, bado amekaa juu ya boneti, alisema ufunguo ni wake. Kama si bomba lake, wote wangekuwa wanashindania mayai mnadani. Gari lingekwama ndiyo, na vijana wanne wangelinyanyua ndiyo, wangelishusha ng'ambo ya tuta, likaendelea kuserereka bila mtu kujua. Swichi na springi zingemchelewesha mwizi kwa muda wa kunywa maji.

Ndekirwa alisema ufunguo ni wake. "Swichi yako, kaka, ilizima injini, na gari likatembea. Kelele zako, dada, zilimpigia mwizi makofi wakati anaondoka. Aliyemshika ni tumbo la Kipanga. Kama lingekuwa na springi ndefu mlizozililia, lingepita juu ya tuta lile kama linaruka kamba."

Mbaya ni kwamba wote watatu walisema kweli. Kisha wakaanza kuvuana nguo. Nsia alimwambia Aikaeli asijisifu kwamba alimtegea mwizi; alikuwa amewategea ndugu zake, na aliyenaswa wa kwanza alikuwa mtoto mwenye homa. Aikaeli alimwambia Nsia kwamba bomba lile aliliweka ili atajwe, si ili awaite wenzake. Wote wawili wakamgeukia Ndekirwa wakamwambia kwamba mjinga akijikwaa akaangukia kwenye bahati haitwi mwenye akili. Ndekirwa aliwauliza, tena kwa sauti ya kusikika mpaka kanisani, ni nani kati yao aliyewahi kuliendesha gari la baba kama baba alivyoliendesha.

Watu nao wakagawanyika. Wazee wa kanisa walikuwa upande wa Aikaeli, kwa kuwa yeye peke yake alifikiria wizi kabla ya wizi. Akina mama walikuwa upande wa Nsia, kwa kuwa mikono ya vijana ilikuwa tayari imeshika gari naye ndiye aliyekaa juu yake. Vijana wote walikuwa upande wa Ndekirwa, kwa sababu walimwona Kipanga amelala juu ya tuta kwa macho yao wenyewe, na hakuna hoja inayoshinda kitu unachokiona. Mnadishaji alijaribu kutania kwamba unadiwe ufunguo pia.

Mama Aikaeli aliwaacha waseme mpaka wakakaukiwa. Jani la sale lilikuwa bado mkononi mwake, pamoja na ufunguo.

"Baba yenu alisema apewe yule ambaye bila yeye halitembei," aliwaambia. "Mimi hapa naona watatu waliolisimamisha." Akalionyesha lile jani. "Mwizi amejua kuchuma sale. Ninyi mnaupita ua huu kila siku."

Ua ulikuwa hatua chache tu, umejaa majani, na hakuna hata mmoja wa wale watatu aliyenyoosha mkono upande ule. Kila mmoja alimsubiri mwenzake aanze. Mikono yao ilikuwa imenyooshwa kwa mama: mmoja una michubuko ya nyaya, mmoja una makovu ya cheche, mmoja una grisi isiyotoka kwenye kucha.

Mama akasema basi hatangoja Krismasi. Jua linapinda, gari liko juu ya tuta, linaziba njia ya watu. Mmoja atalirudisha nyumbani sasa hivi, na atakayelirudisha ndiye mwenyewe, na neno hilo halitarudiwa. Akauinua ufunguo.

Hapo ndipo alipoishia aliyenisimulia mimi, na hapo ndipo ninapowaachia. Msiniambie wagawane, baba yao alikataa. Msiniambie mama abaki nao, goti lake halikanyagi klachi. Msiniambie watatu hawa hawastahili hata mmoja, ingawa mkisema hivyo nitawaelewa. Ufunguo huo hapo, fikirini umo mkononi mwenu, na kule nyuma kuna ua wa masale ambao haujaguswa.

Utauweka kwenye kiganja cha nani? Na wale wawili wanaobaki na mikono mitupu, utawaambia nini kiwafikishe wote kwenye meza moja jioni?